Garratt Hiyo Haijanywa Maji Tabora

Mwenzangu wa Kigoma, mgonjwa wa treni ndogo kama mimi, alinitumia orodha ya vichwa saba vya treni ambavyo angependa viwanda vya modeli vivitengeneze. Cha kwanza, kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao, kilikuwa Garratt, yaani injini kubwa ya mvuke yenye seti mbili za magurudumu, ya klasi ya 59 ya Reli ya Afrika Mashariki. Nikaichapa ile orodha, jioni nikaenda nayo barazani kwa jirani yangu hapa Tabora, mzee aliyeendesha treni mpaka akastaafu. Akavaa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akanirudishia karatasi.

"Mwanangu, hiyo 59 mnaililia ya nini? Haijanywa maji Tabora hata siku moja."

Mzee yuko sahihi. Zilitengenezwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na tani 252, na hakuna injini ya mvuke ya reli yenye upana wa mita moja iliyowahi kuzizidi ukubwa duniani. Zilipewa majina ya milima. Lakini uzito wake kwenye kila ekseli ulikuwa kama tani 21, na reli iliyoweza kuubeba ilikuwa ile ya Mombasa hadi Nairobi. Huko ndiko zilikotumika. Anayetaka kuiona leo aende makumbusho ya reli Nairobi, ataikuta 5918 Mount Gelai imesimama. Gelai ni mlima wetu, uko kando ya Ziwa Natron, ila injini yenye jina lake haikuwahi kutuvuta.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu orodha za namna ile nimeshaziona nyingi, na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Tunaandika kama washenga wanaotaja mahari: tunataja kubwa kwanza, hesabu tutajua mbele ya safari. Halafu tunashangaa mbona hakuna kiwanda kinachotujibu.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, nitaueleza kwa ufupi. Kuna watu wazima, wengi wao Ulaya, Marekani na Japani, wenye vyumba vizima vya treni ndogo zinazotembea kwa umeme. Skeli inayopendwa zaidi inaitwa HO: kila kitu hupunguzwa mara 87. Reli ya kawaida ya milimita 1,435 inabaki milimita 16.5. Garratt ya 59, yenye urefu wa karibu mita 32, ingekaa mezani ikiwa na sentimita 36. Vichwa hivi vinauzwa madukani ndani ya boksi, vikiwa na rangi, namba, taa, na siku hizi sauti. Mimi sijawahi kuona boksi la kiwandani lenye kichwa cha Reli yetu ya Kati ndani yake.

Kiwanda hakiulizi kichwa kipi kilikuwa kikubwa au kizuri. Kinauliza kalibu moja itatoa maboksi mangapi. Mwili wa modeli hutengenezwa kwa plastiki iliyoyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu ya chuma, na kuchonga seti ya kalibu za kichwa kimoja ni gharama inayohesabiwa kwa makumi ya maelfu ya pauni, kabla hata ya boksi la kwanza kuuzwa. Kazi yenyewe kwa sehemu kubwa hufanyika China. Ukishalipia chuma kile, njia ya kurudisha pesa ni moja: mwili uleule utoke kwa rangi kumi, namba ishirini, miaka tofauti, nchi tofauti. Kichwa kilichokuwa na rangi moja kwenye kipande kimoja cha reli katika nchi moja ni hasara inayotembea.

Ushahidi upo, na unauma kidogo. Kuna Garratt ya Afrika ambayo Bachmann, moja ya kampuni kubwa katika biashara hii, imeitengeneza kwa ajili ya madukani. Ni NG G16 ya Afrika Kusini, injini ndogo ya reli nyembamba ya futi mbili. Sasa jiulize kwa nini hiyo. Ilifanya kazi Natal miaka mingi na viwanda havikujali. Baadaye baadhi yake zikapelekwa Wales, zikafufuliwa, zikaanza kuvuta watalii kwenye Welsh Highland Railway. Watalii wale wana watoto, wana kamera, na wana pesa za kununua kitu dukani wakati wa kuondoka. Ndipo boksi likapatikana. Yaani injini ya Afrika ilibidi kwanza ihamie Ulaya ndiyo ionekane inastahili kalibu. Sisemi hivyo ili tulie. Nasema ili tujue mlango uko upande gani wa nyumba.

Mfano mwingine ni wa Waswisi. Rhätische Bahn, reli yao ya milimani, ina upana wa mita moja sawasawa na yetu. Urefu wake wote ni kama kilomita 385. Ukitoka nayo Tabora kwenda Kigoma usingefika, maana hapo katikati pana zaidi ya kilomita 400. Lakini kampuni ya Bemo imejenga jina lake juu ya reli hiyo: vichwa, mabehewa, stesheni, mpaka reli zenyewe za milimita 12 zinazowakilisha mita moja kwa skeli ya HO. Reli ya Kati, kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyofika Tabora mwaka 1912 na ziwani Februari 1914, haina hata behewa moja la kununua. Tofauti haiko kwenye historia. Meli ya Liemba yenyewe ililetwa Kigoma kwa reli hiyo ikiwa vipandevipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa hapohapo ufukweni. Kama hiyo si modeli ya kuunga mwenyewe, sijui ni nini. Historia tunayo ya kumwaga. Tusichokuwa nacho ni mnunuzi anayeonekana.

Kwa hiyo swali la orodha linabadilika. Badala ya kuuliza ni kichwa gani tunakipenda zaidi, tuulize: katika tunavyovipenda, ni kipi tunachangia na watu wengine wenye pesa za kununua?

Jibu langu ni dizeli ya klasi ya sabini na tatu.

Waliokulia kota za reli hapa Tabora wanaijua hata kwa kuisikia. Treni ya kutoka Dar ikifika hapa hukatwa: mabehewa ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, wauza asali na karanga wakizunguka madirishani wakati kichwa kinakwenda na kurudi gizani. Sisi watoto tulilala tukisikia kazi ile. Klasi ya 73 ilikuwa na mlio wa kukokota, kama mtu mwenye kifua anayepanda ngazi, dugu-dugu-dugu isiyolingana, halafu dereva akifungua mafuta hutoa wingu jeusi kabla ya kuondoka. Fundi mmoja alinieleza sababu: injini inapewa mafuta haraka kuliko tabo inavyoweza kushika kasi na kuleta hewa, basi mafuta yanatoka nje hayajaungua sawasawa. Sisi tulidhani imekasirika.

Sasa angalia ukoo wake. Klasi ya 73 ilitoka Varanasi, India, kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Alco wa Marekani. Mwaka 1976 kiwanda hicho kilipouza vichwa nje ya India kwa mara ya kwanza, mteja alikuwa Tanzania. Na kichwa chenyewe ni ndugu wa damu wa YDM4, dizeli iliyovuta treni za reli ya mita moja India nzima kwa miongo mingi, mamia kwa mamia. Mwaka 1992 Wahindi wakaanza mradi wa kuzibadilisha reli zao za mita moja kuwa pana, na tangu hapo YDM4 imekuwa ikipotea, stesheni baada ya stesheni. Kama kuna kitu kinachomfanya mtu mzima afungue pochi kwa ajili ya treni ya plastiki, basi ni kichwa alichokipanda utotoni ambacho sasa hakipo. India ina watu wa namna hiyo wasiohesabika, nyumbani na ughaibuni. Kalibu ya YDM4 ikichongwa kwa ajili yao, sisi tunachohitaji ni rangi na namba. Tunakuwa toleo la nane katika katalogi. Mimi sioni aibu yoyote kuwa wa nane.

Cha pili ni themanini na nane. Hicho kilitoka Montreal, Kanada, kwenye kiwanda cha MLW, na jina lake la kiwandani ni MX620. Hiki ndicho kilichokuwa kinara wa treni ndefu za Reli ya Kati, na kwa macho yangu ndicho chenye sura nzuri zaidi, ingawa mzee wangu wa barazani hataki kusikia hilo. MX620 ilikwenda pia Brazil, nayo ni nchi yenye kiwanda chake cha modeli: Frateschi, wa Ribeirão Preto, wanaotengeneza vichwa vya Kibrazili kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikiria bila kuketi chini. Tena vichwa vyote viwili, 73 na 88, vina injini za ukoo mmoja wa Alco, ule wa 251. Maana yake hata mlio si kazi mpya. Milio ya Alco imesharekodiwa na kuwekwa kwenye vidude vya sauti vya modeli za Kimarekani miaka mingi. Aliyerekodi mlio ule huko Pennsylvania au wapi hajui kwamba alirekodi pia usiku wa Tabora.

Kuna kikwazo kimoja ambacho sitakipuuza, kwa sababu ndicho kinachokwamisha mazungumzo kila mara: upana wa reli. Mita moja ikipunguzwa mara 87 inakuwa milimita 11.5, kwa hiyo modeli sahihi inataka reli ya milimita 12, siyo ile ya 16.5 iliyozagaa duniani. Wenye msimamo mkali wanasema bora kukosa kuliko kuwa na kichwa cha Tanzania kinachotembea kwenye reli pana. Mimi nilikuwa mmoja wao. Wabrazili wamenibadilisha. Sehemu kubwa ya reli zao ni za mita moja, lakini Frateschi wanavisimamisha vichwa hivyo juu ya reli ya 16.5, watu wananunua, watoto wanacheza, na hobi ipo hai. Usafi wa milimita nne na nusu ungewaacha mikono mitupu kama sisi.

Na kuna njia ya panya ambayo naipenda zaidi. Chukua skeli ya 1:120, weka mwili juu ya chesisi ya skeli ya N, ile ndogo ya reli ya milimita 9. Tisa mara 120 ni 1,080. Kwa jicho, hiyo ni reli yetu. Watu wa New Zealand, wenye reli nyembamba ya milimita 1,067, wamekuwa wakifanya hivyo muda mrefu, na chesisi za N zenye ekseli sita, tatu mbele tatu nyuma kama za 73 na 88, zinapatikana kirahisi kwa kuwa Wamarekani wanazo tele. Unahitaji mwili tu, na mwili siku hizi unaweza kuchapwa kwa mashine ya 3D. Niliagiza chesisi moja kwa muuzaji wa nje. Ikakaa njiani miezi minne, na ilipofika gia moja ilikuwa imepasuka, naye akanijibu kwamba dhamana imekwisha wiki iliyopita. Nilicheka, sikuwa na la kufanya. Bado nasema njia ni hiyo.

Watu wataniuliza kuhusu mvuke. Nimeuacha kwa makusudi, ila sitaki nionekane sina moyo. Kama lazima tuombe Garratt, tuombe ya 60. Zilikuwa 29, za mwaka 1953 na 1954, nyepesi kwa ajili ya reli nyepesi, na kumi na mbili za kwanza zilitengenezwa Ufaransa kwa niaba ya Beyer Peacock. Zilibandikwa majina ya magavana wa kikoloni, kisha vibao vile vikang'olewa. Hapo tayari una matoleo mawili kwa kalibu moja: lenye kibao na lisilo na kibao, na kila mmoja anajua angenunua lipi. Au klasi ya 30 ya Glasgow, yenye tenda kubwa, lile behewa la maji la nyuma ya injini, kwa ajili ya nchi kavu kama hii yetu, ambayo mwenzake mmoja, 3020 Nyaturu, bado yupo Nairobi. Lakini mashine za mvuke zina mikono, mabomba na magurudumu mengi yanayoonekana, na kila kimoja ni pesa. Dizeli ni boksi lenye madirisha. Nasema hivyo kwa upendo.

Upande wa SGR nitapita haraka. Treni ya mchongoko kutoka Hyundai Rotem ni modeli rahisi kuiomba: reli yake ni 1,435, inakaa kwenye 16.5 bila ubishi, na kila mtoto aliyeiona Dodoma au Dar anaichora. Serikali au shirika lenyewe linaweza kuagiza kama zawadi za kuuza stesheni. Hapa Tabora na Kigoma bado tunaisubiri. Mkataba wa kipande chetu cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Ikifika nitaipenda. Kwa sasa siwezi kuitamani modeli ya treni ambayo haijanichelewesha hata mara moja.

Ila kuna jambo orodha zote zinasahau, hata ya mwenzangu wa Kigoma: mabehewa. Kichwa bila mabehewa ni trekta. Ukiwa na 88 moja na huna daraja la tatu lenye madirisha yaliyofunguliwa, mikono nje, ndoo ya mawese kutoka Kigoma mlangoni, umenunua pambo. Viwanda vinajua hili. Faida nyingi iko kwenye mabehewa, maana mtu hununua kichwa kimoja na mabehewa manane. Tukiomba tuombe treni nzima.

Na nani atanunua? Kichwa kipya cha HO au cha skeli ya Kiingereza, chenye ubora wa leo, kinafika pauni 200 na kuendelea, zaidi ya laki sita za kwetu. Mtoto wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora hatanunua, na mimi mwenyewe ningefikiria ada ya shule kwanza. Kuna anayeniambia kwamba kwa hiyo mjadala wote ni anasa. Sikubali. Wapo Wahindi waliozaliwa Tabora wanaoishi Leicester. Wapo Watanzania walioko Toronto. Wapo wazee wa Kiingereza na Kijerumani waliopanda treni hii wakiwa vijana. Viwanda vidogo siku hizi havingoji kubahatisha: Revolution Trains wa Uingereza walianza kwa kukusanya pesa za wateja kwanza, ndipo wakachonga kalibu ya treni ya Pendolino. Wateja mia kadhaa walioweka jina na kianzio wana uzito kuliko watu elfu kumi wanaosema "ingependeza".

Sisi tulioko huku tunaweza kuchangia kitu ambacho Leicester haina, nacho ni vipimo. Mchoraji wa modeli anahitaji kujua upana wa ngazi, nafasi kati ya misumari, mlango unafungukia upande gani, namba iliandikwa wapi. Michoro ya kiwandani haitoshi, maana vichwa hubadilishwa karakanani: taa inahamishwa, bati linaongezwa, kioo kinazibwa. Kichwa cha zamani kikiuzwa vyuma chakavu, majibu hayo yanakwenda nacho tanuruni. Kijana wa Chuo cha Reli mwenye simu, futi kamba na kibali cha mkuu wa yadi anaweza kufanya kwa siku tatu kazi ambayo kiwanda kingelipia tiketi ya ndege.

Nimeanza na nilichonacho. Mezani kwangu pana 73 ya kadibodi na plastiki ya ndoo, skeli ya 1:120, mikono ya kushikia nimeitengeneza kwa nyuzi za shaba za waya wa simu, na pua yake nimeirudia mara nne. Juzi niliipeleka barazani. Mzee aliigeuza polepole kwenye kiganja, akaisogeza karibu na taa, akapitisha ukucha kwenye ngazi ya mbele upande wa kushoto.

"Hii umeiweka imenyooka mno," akasema. "Ya kwangu ilikuwa imepinda. Ng'ombe, karibu na Nguruka."

Nikaenda kuchukua koleo.